Kisu cha nguruwe pori: usiulize kama kinakata

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa mwanadamu mchungu. Watu hushika funzo la methali hiyo na kuisahau silaha yenyewe, ilhali silaha haikutajwa ovyo: aliyeitunga alijua kwamba nguruwe hasogelewi kwa kisu. Ipo methali ya pili, mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na hii nayo imelichagua neno lake. Imesema kikali. Haikusema kirefu, wala kipya, wala chenye kung'aa. Ukizisoma mbili hizi pamoja umepata karibu kila kitu ambacho mnunuzi wa kisu cha nguruwe pori anapaswa kukijua kabla hajafika sokoni Kariakoo, Dar es Salaam. Mkuki, au siku hizi bunduki, ni wa kuua. Kisu ni cha kazi inayofuata, na kazi hiyo ni ndefu kuliko ile ya kwanza.

Kariakoo haiuzi visu kwa hoja hiyo. Muuzaji huchukua kipande cha gazeti, hukipasua mbele ya macho ya mteja, kikatike bila mkwaruzo, na bei inaanza kujadiliwa. Jaribio hilo halisemi lolote, kwa sababu kila kisu kipya hukata karatasi, hata kilichochongwa kwenye bati nene. Makali ya kiwandani ni ya siku ya kwanza tu. Anayekwenda kuchuna mnyama porini anahitaji kujua kama chuma kile kitakubali kunolewa tena pale pale, kwa jiwe dogo la mfukoni, katikati ya kazi, mikono ikiwa na damu na mafuta. Hicho ndicho kipimo ninachokitetea hapa, na sababu yake inaanzia kwenye ngozi ya mnyama mwenyewe.

Nguruwe wa porini wa nchi hii si yule wa misitu ya Ulaya anayeonekana kwenye matangazo ya visu vya uwindaji. Tunao ngiri, anayetembea mchana na kusimamisha mkia kama antena anapokimbia, na nguruwe pori mwenye manyoya mengi, anayetoka usiku na anayeweza kupita kilo 100. Huyu wa pili ndiye anayewanyima wakulima usingizi. Rufiji watu hukesha juu ya madungu kulinda mpunga na mahindi kwa ajili yake, na madhara yake hayaishii kwenye mazao. Mwaka 2005 mtafiti wa simba Craig Packer na wenzake, wakiwamo watafiti Watanzania, waliandika katika jarida la Nature kwamba simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini tangu mwaka 1990, na kwamba mashambulizi yalikuwa mengi zaidi pale palipokuwa na nguruwe pori wengi: nguruwe hufuata mazao, simba humfuata nguruwe, na mtu yuko katikati amelala kwenye kibanda shambani. Kwa hiyo biashara ya visu vinavyotoka Kariakoo na kupanda mabasi ya kusini si ya anasa.

Sasa mwangalie mnyama huyo akiwa amelala chini. Ametumia maisha yake kugaagaa kwenye tope. Tope hukauka ndani ya manyoya na kubaki mchanga, na mchanga mwingi ni kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha kisu chochote utakachokikuta sokoni. Kila unapovuta kisu kwenye ngozi ile ni kama unakivuta juu ya msasa. Ongeza ngozi nene ya mabegani mwa dume, ongeza wale wanaochoma manyoya kwanza kisha wakaparua majivu kwa makali ya kisu, na utaelewa kwa nini kisu kilichochinja mbuzi wawili bila shida huwa butu kabla nguruwe mmoja hajafunguliwa tumbo. Hakuna kisu kisichokuwa butu hapo. Vipo vinavyorudi haraka, na vipo visivyorudi.

Hapa ndipo imani moja ya Kariakoo inapowaponza wengi. Inasemwa kwamba kisu kizuri ni stenlesi, na kwamba stenlesi ya kweli hainaswi na sumaku. Nusu ya pili ya imani hiyo ni hatari. Chuma kisichoshika kutu ni kile chenye kromiamu kuanzia asilimia 10.5 hivi, lakini kiko cha namna mbili kuu. Kuna kile cha vijiko na masufuria, chenye nikeli, ambacho sumaku kwa kawaida haikikamati. Hakigumishwi kwa moto hata ukeshe nacho, na makali yake hulala kama makali ya bati. Kuna cha pili, chenye kaboni ya kutosha, ambacho hupashwa moto kikazamishwa kikawa kigumu. Hiki hunaswa na sumaku, na ndicho cha visu. Kwa maneno mengine, mteja anayekikataa kisu kwa sababu kimenasa sumaku amekataa kilicho bora na kununua kijiko kilichochongwa ncha. Sumaku ndogo iliyotolewa kwenye spika mbovu inatosha kumlinda. Isiponasa, rudisha kisu mezani.

Lakini kunasa hakutoshi, kwa kuwa hata bati laini hunasa. Anayetaka kwenda mbele zaidi avuke hadi Gerezani, kwa mafundi wa vyuma, akaangalie visu vinavyofuliwa kutoka kwenye springi za malori. Chuma cha springi kina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, kiasi kinachofaa kabisa kwa kisu, na hii si bahati nasibu ya chuma chakavu: watengenezaji wa springi na wahunzi wa visu wanatafuta kitu kilekile, chuma kinachopinda bila kuvunjika na kurudi kilivyokuwa. Wala ufundi huo si wa kuazima. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba matanuri ya Buhaya hapa nchini yalizalisha chuma chenye kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita, na matanuri marefu ya Ufipa yaliendelea kuwaka hadi karne iliyopita. Fundi wa leo ana faida ya kupata chuma kilichokwisha kuyeyushwa. Hasara yake ni kwamba hana cheti kinachosema kimepashwa moto mara ngapi.

Ndiyo maana kisu cha springi nacho kina mtego. Springi ikiingia kwenye moto wa mkaa hupoteza ugumu wake wote wa kiwandani. Fundi akishaipiga na kuipa umbo anapaswa kuirudisha motoni, aizamishe kwenye mafuta ili iwe ngumu, kisha aipashe tena kidogo ili isiwe ngumu ya kupasuka kama glasi. Akiruka hatua hizo amekuuzia umbo la kisu tu. Vivyo hivyo akimalizia makali kwenye grenda bila kuyapoza, na ukaona rangi ya buluu karibu na ncha, ujue joto limekwisha kulilegeza lile eneo ulilotaka liwe gumu kuliko yote. Tena springi iliyobeba mizigo miaka mingi huweza kuwa na nyufa zisizoonekana kwa macho. Kwa hiyo usinunue kwa sifa ya springi peke yake. Muulize fundi amekizamisha kwenye nini, na umwombe apitishe tupa mwenyewe kwenye mgongo wa kisu, karibu na mpini. Tupa ikizama kirahisi kama kwenye shaba, chuma ni laini mno. Ikiteleza kabisa na kulia kama juu ya kioo, ni kigumu mno, na jiwe lako la porini halitakiweza. Unachotaka ni kile ambacho tupa inakishika kwa shida.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya bucha, na kwamba mwindaji anahitaji kisu kirefu cha kujiokoa nguruwe akimgeukia. Hoja hii ina nguvu kwa sababu nguruwe aliyejeruhiwa hugeuka kweli, na pembe zake hupasua paja. Ila historia haiko upande wake. Xenofoni, Mgiriki aliyeandika kitabu cha uwindaji zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliwataka wawindaji wa nguruwe wabebe mikuki yenye meno yaliyotokeza chini ya ubapa, ili mnyama aliyechomwa asiendelee kusonga mbele hadi kumfikia aliyeishika. Kama mkuki ulihitaji kizuizi, kisu cha sentimita 30 kitamfikisha nguruwe wapi zaidi ya kifuani kwako? Urefu huo unalipiwa kwenye kazi halisi: ncha ndefu huzama ndani mno wakati wa kupasua tumbo na kutoboa utumbo, na nyama iliyomwagiwa uchafu wa utumbo hairudishiki. Ubapa wa sentimita 12 hadi 15 unatosha. Panga la kupasulia mbavu libebwe kando.

Kizuizi cha Xenofoni, hata hivyo, kinatufundisha jambo kuhusu mpini. Mafuta ya nguruwe huyeyuka mkononi na kuufanya mpini uteleze, na mkono unaoteleza huishia kwenye makali. Chagua mpini wenye kifundo au ukingo mbele ya kidole cha shahada, na chuma kilichopita ndani ya mpini mzima hadi mwisho, kikashikwa kwa ripiti. Mipini mingi ya bei ya chini ina ulimi mfupi wa chuma uliogandishwa kwa gundi, nayo huachia siku ile unapobinya kisu kwenye kiungo cha nyonga. Kuhusu mninga, mpingo au plastiki sina ugomvi, isipokuwa kwa jambo moja nitakalolisema mwishoni.

Pingamizi la kutu nalikubali kwa sehemu kubwa. Dar es Salaam ni mji wa hewa ya chumvi, na kisu cha springi kilichoachwa na damu usiku mmoja huamka kimebadilika rangi. Kwa kisu cha bucha kinachooshwa kutwa, stenlesi iliyogumishwa ndiyo jibu, na sitabishana na mwenye bucha. Kwa mwindaji, kukifuta na kukipaka mafuta ya kupikia ni kazi ya dakika mbili, wakati kujaribu kunoa stenlesi ngumu kwa jiwe la kuokota ni kazi ya asubuhi nzima. Asikilaze ndani ya ala ya ngozi tu; ngozi hunyonya unyevu na kukirudishia kisu.

Kuna msomaji anayejiuliza kwa nini gazeti la mjini lijishughulishe na kisu cha nguruwe, na mwingine ambaye dini yake haimruhusu hata kumgusa mnyama huyo. Huyu wa pili achukue vipimo hivihivi kwa mbuzi wake wa Idd. Chuma hakina dini. Yule wa kwanza akumbuke kwamba kisu hakimpi mtu ruhusa ya kuwinda. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka leseni, hata kwa nguruwe aliyekula shamba lako jana, na mwenye shida hiyo anapaswa kuanzia kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Lililobaki ni lile la mpini. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyoelezwa kisayansi kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, haiwapati binadamu, lakini haina tiba na huteketeza karibu zizi zima la nguruwe wa kufugwa. Ngiri na nguruwe pori huibeba bila kuugua, na virusi vyake hukaa kwenye damu iliyoganda, ikiwamo ile iliyojificha kwenye ufa wa mpini wa mbao. Kisu kilichotoka porini kisiguse nguruwe wa banda wala kuingia jikoni kwa kitimoto kabla ya kusuguliwa kwa sabuni na kuchemshwa, na mpini usiostahimili kuchemshwa haufai kwa kazi hii. Basi ukifika Kariakoo, nenda na sumaku mfukoni, uliza habari za mafuta na tupa, na muuzaji akikwambia usijaribu, wewe amini tu, rudi nyumbani na hela yako.