Mwanao analilia namba ya jezi? Muulize ni ya nani

Timu ya shule imepata jezi mpya. Mwalimu anagawa, na mwanao aliyetamani namba 23 anapewa 7. Anarudi nyumbani amenuna, chakula hataki, na kesho anasema haendi mazoezini. Wewe mzazi unaona ni utoto mtupu.

Kabla hujamkaripia, jua kwamba hata nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani wanazipenda namba zao. Na ukiuliza zilikotoka, nyingi zinakurudisha kwenye familia.

Namba ya kaka, namba ya baba

Michael Jordan alikua akicheza na kaka yake, Larry, ambaye ndiye aliyekuwa akimshinda walipopambana nyumbani. Larry alivaa 45. Jordan ameeleza kuwa alitamani angalau afikie nusu ya uwezo wa kaka yake. Nusu ya 45 ni 22.5, akaijazia ikawa 23. Kwa namba hiyo alitwaa ubingwa wa NBA mara sita akiwa na Chicago Bulls.

Stephen Curry anavaa 30, namba ya baba yake, Dell, aliyecheza NBA kwa misimu 16. Alipokuwa sekondari, Stephen alikuwa mdogo wa umbo na jezi namba 30 ilimpwaya, akavaa 20. Alipofika chuo akaichukua 30 na hajaiacha.

Kevin Durant naye alichagua 35 kumkumbuka kocha wake wa utotoni, Charles Craig, aliyeuawa kwa risasi akiwa na miaka 35.

Kwa hiyo mtoto anapong'ang'ania namba, mara nyingi anakutajia mtu anayemtazama. Hilo ni jambo la mzazi kulijua.

Namba haifungi pointi

Upande wa pili wa habari nao mtoto ausikie. Februari 14, 1990, jezi ya Jordan iliibwa kabla ya mechi mjini Orlando. Alicheza na namba 12, tena isiyo na jina mgongoni. Timu yake ilipoteza, lakini yeye alifunga pointi 49.

Chukua pia namba 34. Hakeem Olajuwon wa Nigeria aliivaa akiipa Houston Rockets ubingwa mwaka 1994 na 1995. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam na Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, aliivaa akiwa na Memphis Grizzlies, waliomchagua wa pili kati ya wachezaji wapya wa mwaka 2009. Curry alichaguliwa wa saba mwaka huohuo. Thabeet alicheza misimu mitano NBA, Curry akawa bingwa mara nne. Namba 34 haikumpa Thabeet miaka ya Olajuwon, na nafasi ya saba haikumzuia Curry.

Mzazi ufanye nini?

Kwanza, muulize kwa upole: "Hiyo namba ni ya nani?" Ukisikia ni ya kaka yake au ya kocha, umepata mlango wa mazungumzo. Ukisikia ni ya mchezaji wa kwenye simu tu, keti naye mtazame pamoja ujue anachompendea.

Pili, namba ikiwa imeshachukuliwa, msaidie kuipa maana ile aliyopewa. Gilbert Arenas aliambiwa kwamba akienda chuo kikuu cha Arizona atacheza dakika sifuri. Akaenda, akavaa namba 0, na baadaye akateuliwa mara tatu kwenye kikosi cha nyota wa NBA. Saba ya mwanao inaweza kuwa tarehe aliyozaliwa bibi yake.

Tatu, usimlazimishe kuvaa namba yako ya ujanani. Oktoba 2024, LeBron James na mwanawe Bronny walikuwa baba na mwana wa kwanza kucheza pamoja katika mechi ya NBA. Baba alivaa 23, mwana 9. Kuna mtoto anayefurahia kurithi, na kuna anayeelemewa na mzigo huo. Mpe nafasi achague, kisha mwambie kesho aende mazoezini.