Jamhuri Morogoro: Ushahidi Ulio Vinywani mwa Mashabiki

Muulize shabiki yeyote wa soka mwenye umri wa kutosha kuhusu mechi ya Simba na Yanga ya Agosti 10, 1974 pale Nyamagana, Mwanza, naye atakusimulia kana kwamba imechezwa juzi. Adam Sabu alitangulia kuifungia Simba, Gibson Sembuli akasawazisha zikiwa zimebaki dakika chache, na Sunday Manara akamaliza kazi katika muda wa nyongeza, Yanga ikatwaa ubingwa. Kisha muulize mtu huyohuyo nani alikuwa bingwa wa mwaka uliofuata. Wengi watasita. Bingwa wa 1975 alikuwa Mseto ya Morogoro, klabu ya kwanza kutoka nje ya Dar es Salaam kutwaa ligi iliyoanza mwaka 1965. Kabla ya hapo kombe lilikuwa likizunguka jijini tu, kwa Sunderland ambayo ndiyo Simba ya leo, kwa Cosmopolitan na kwa Yanga. Mechi moja ya watani wa jadi inajulikana hadi dakika zake, na msimu mzima wa klabu ya mkoani umebaki mstari mmoja kwenye orodha ya mabingwa. Anayetaka kujua mji ulikuwaje siku Mseto ilipocheza hana pa kwenda isipokuwa kwa wazee waliokuwa wakilipa kiingilio.

Ndiyo maana nasema kumbukumbu za mashabiki wa Morogoro, na hasa za wale waliokulia kwenye majukwaa ya Uwanja wa Jamhuri, zichukuliwe kama ushahidi wa historia, na ushahidi huo ukusanywe sasa. Tumezoea kuziita stori za vijiweni na kuziacha hapohapo kijiweni. Lakini tujiulize nini kingine kimebaki. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, kwa hiyo miaka ambayo soka la Morogoro lilitisha ilipita bila picha. Redio Tanzania ilikuwepo, na sauti za kina Ahmed Jongo na Charles Hilary zilifika kila kona ya nchi, ila matangazo ya mpira yalikuwa ya papo kwa papo: filimbi ya mwisho ikilia, mechi imekwenda na hewa. Magazeti yaliandika matokeo na wafungaji, na ya mikoani yalipewa nafasi ndogo. Linganisha na muziki wa mji huohuo. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki mwaka 1965, Mbaraka Mwinshehe mwaka 1979, na hadi leo kijana asiyemjua hata mmoja wa wanamuziki wale anaweza kuwasikia, kwa kuwa nyimbo zao zilirekodiwa. Morogoro moja, miaka ileile, lakini wanamuziki wana kanda na wanasoka wana wazee.

Wazee hao wana ushahidi wa nini hasa? Si wa mabao peke yake. Wanaweza kutueleza jinsi mpira ulivyofungamana na kazi, na hapo ndipo thamani yao kubwa ilipo. Morogoro ulikuwa mji wa reli tangu mwaka 1907, na baada ya Azimio la Arusha ukawa mji wa viwanda: tumbaku, ngozi, viatu, nguo za Polytex, turubai, magunia. Timu zake zilibeba majina ya ajira. Tumbaku ilikuwa Tumbaku kwa sababu ya kiwanda, na humo ndimo alimopita Zamoyoni Mogella kabla Simba haijamchukua. Reli ilikuwa timu ya watu wa reli, nayo ilivyozoea kuwatoa jasho wakubwa wa Dar es Salaam ikapewa jina la Kiboko ya Vigogo. Ndivyo ilivyokuwa nchi nzima enzi hizo: Pamba ya Mwanza, Ushirika ya Moshi, RTC Kagera, Bandari ya Mtwara, CDA ya Dodoma. Aliyekwenda uwanjani Jumamosi hakuwa anakwenda kuwatazama watu wa mbali. Beki wa kulia alikuwa fundi wa karakana, na kipa alipanga foleni ileile ya mshahara. Mfanyakazi alipomzomea mshambuliaji kwa kukosa bao, alijua Jumatatu watakutana getini. Uhusiano wa namna hiyo hauandikwi kwenye jedwali la ligi, na hauonekani kwenye taarifa ya hesabu ya shirika la umma. Unabaki kwa mtu aliyekuwepo.

Na uhusiano huo ndio unaojibu swali ambalo mji umelirudia kwa miaka mingi, kwa nini timu zake zilikufa. Jibu la haraka ni kwamba mashabiki waliziacha wakaenda Simba na Yanga, au kwamba vipaji viliisha. Ushahidi unaelekea kwingine. Viwanda vilianza kuyumba miaka ya 1980, vingine vikafungwa au kuuzwa miaka ya 1990, na aliyekuwa akilipa nauli, jezi, kambi na mishahara ya wachezaji akaondoka. Timu zikafuata. Angalia sasa iliyosalia. Mtibwa ya Turiani, wilayani Mvomero, ilikuwa ya kiwanda vilevile. Kiwanda chake kilibinafsishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 lakini kikaendelea kusaga miwa, na Wakata Miwa wakawa mabingwa wa nchi mwaka 1999 na tena mwaka 2000. Mkoa ni uleule, shida za usafiri na waamuzi ni zilezile, kilichotofautiana ni kwamba mwajiri alibaki. Shabiki wa zamani wa Reli anayekumbuka mwaka ambao posho za wachezaji zilianza kuchelewa anajua kuhusu kifo cha klabu kuliko mchambuzi anayehesabu pointi.

Pingamizi la kwanza linajulikana: kumbukumbu hudanganya. Bao la mita ishirini hufika mita arobaini, watu elfu tano huwa elfu kumi na tano, na kila mwenye miaka sabini aliwahi kucheza na nyota kama Jella Mtagwa utotoni. Ni kweli, na anayekusanya simulizi bila kuzipima anapoteza muda wake. Lakini kupima kunawezekana. Magazeti ya Uhuru, Mzalendo na Daily News yana tarehe na matokeo. Simulizi ya mtu mmoja hupambanishwa na ya wengine watano ambao hawakukaa pamoja. Zaidi ya hayo, kosa lenyewe linaweza kufundisha. Mwanahistoria wa Italia Alessandro Portelli alichunguza mji wa Terni, mji wa viwanda vya chuma, ambako mfanyakazi kijana Luigi Trastulli aliuawa na polisi mwaka 1949 katika maandamano ya kupinga nchi yao kujiunga na NATO. Miaka mingi baadaye wafanyakazi wengi walisimulia kwamba alikufa mwaka 1953, wakati kiwanda kilipofukuza watu kwa maelfu. Tarehe ilikuwa ya uongo, lakini kuhama kwake kulionyesha kidonda kikubwa cha mji kilikuwa wapi. Nathubutu kusema wazee wa Morogoro wakihamisha ushindi fulani wa Reli na kuuweka mwaka ambao kiwanda chao kilifungwa, watakuwa wametuambia jambo ambalo gazeti la siku ile halikuwa na uwezo wa kulijua.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Wapo wanaosema haya ni majonzi ya watu waliozeeka, wanaokumbuka ujana wao na kuudhania kuwa uwanja. Mpira wa sasa unaonekana kwenye runinga kila wiki, na tangu Juni 2024 treni ya umeme inamtoa mtu Morogoro na kumfikisha Dar es Salaam kwa muda usiozidi saa mbili, akaone mechi kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti elfu sitini, akarudi nyumbani kulala. Kwa nini basi kulilia majukwaa ya saruji? Sina hamu ya kuyarembesha majukwaa yale. Kukaa juani kuanzia mchana kusubiri mechi ya saa kumi ni adha, na kukaa mvuani ni adha kubwa zaidi katika mji ulio chini ya Uluguru, ambako wingu likishakifunika kilele cha Bondwa huna haja ya mtabiri wa hali ya hewa. Nusu saa baadaye mpira unakwama kwenye tope na refa anatazama saa. Sitaki pia kusahau kwamba majukwaa hayo yalikuwa ya wanaume zaidi, na simulizi zitakazokusanywa bila kuwatafuta wanawake waliouza karanga, miwa na machungwa getini zitakuwa nusu tu.

Hata hivyo hoja ya runinga na treni inathibitisha ninachosema badala ya kukipinga. Simba au Yanga ikija Jamhuri leo, uwanja unajaa wekundu au njano na timu mwenyeji hucheza kama mgeni kwenye ardhi yake. Kijana wa Mwembesongo au Kihonda anaiona hali hiyo kuwa ya kawaida kwa sababu hajawahi kuona nyingine. Waliowahi kuona nyingine wapo, nao ndio pekee wanaoweza kumwambia kwamba palikuwa na wakati ambapo mkubwa wa Dar es Salaam aliteremka Morogoro akiwa na hofu, na uwanja mzima ulikuwa upande mmoja. Habari hiyo ina kazi leo. Mtibwa ilishuka daraja mwaka 2024 baada ya zaidi ya miaka ishirini ya ligi kuu, ikapanda tena mwaka 2025, na viongozi wake, wa chama cha soka cha mkoa na wa manispaa wanapaswa kujua mji uliwahi kujaza uwanja kwa sababu zipi kabla hawajapanga namna ya kuujaza tena.

Kuna suala la umiliki pia. Viwanja vingi vya mikoani vilivyopatikana enzi ya chama kimoja vilibaki mikononi mwa CCM baada ya kurudi kwa vyama vingi mwaka 1992, na Jamhuri ni miongoni mwake. Hoja kwamba vilijengwa kwa michango ya wananchi wote imetolewa bungeni mara nyingi na kujibiwa mara nyingi. Sina nia ya kuiamua hapa. Nasema tu kwamba nani alichanga, alikatwa kiasi gani kwenye mshahara na nani alibeba mawe ni maswali yenye majibu, na sehemu ya majibu hayo iko kwa watu walio hai ambao hawajaulizwa.

Kuwauliza hakuhitaji bajeti ya wizara. Morogoro ina Chuo Kikuu cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Mzumbe, ina redio zake, na kila mwanafunzi ana simu inayorekodi. Kule Uskoti, makumbusho ya soka ya Hampden na shirika la Alzheimer Scotland yameendesha kwa miaka mingi mradi wa kukaa na wazee wanaopoteza kumbukumbu na kuwaonyesha picha za mechi za zamani, na wengi wasiokumbuka walichokula asubuhi hutaja kikosi kizima. Hapa tunaweza kuanza na jambo rahisi zaidi: kuorodhesha wachezaji wa Mseto, Tumbaku na Reli walio hai, na kumrekodi kila mmoja pamoja na mashabiki wawili watatu waliomtazama. Swali la kwanza lisiwe nani alifunga. Liwe ulikuwa unafanya kazi wapi, kiingilio ulikipataje, ulikaa upande gani na nani, na mwaka gani uliacha kwenda.