Kazi ya usiku yaweza kuchelewesha hedhi

Kunapopambazuka, viwanda vya Baba Dogo hubadilisha zamu. Akina mama waliokesha kazini hurudi nyumbani kulala huku majirani wakiamka. Baadhi yao huona hedhi ikichelewa, wakadhani ni mimba au maradhi. Huenda chanzo ni usingizi.

Ubongo una saa yake, inayorekebishwa na mwanga wa mchana. Saa hiyo husaidia kupanga wakati wa kutolewa kwa homoni, pamoja na ile inayofanya yai litoke. Mwaka wa 1950 watafiti wa Marekani, Everett na Sawyer, waliwapa panya wa kike dawa ya usingizi kabla ya saa nane mchana. Mayai yalichelewa kutoka kwa saa 24. Kwa wanawake, homoni hiyo aghalabu huanza kupanda kati ya usiku wa manane na asubuhi.

Dada wa zamu ya usiku, lala penye giza. Pazia zito litakufaa. Hedhi ikikosa, usimeze dawa za kuirudisha. Pima mimba kwanza. Ikikosa miezi mitatu, mwone daktari, nawe umweleze saa zako za kazi.