Zanzibar na Muscat: Masafa na Saa za Safari

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaosafiri kwenda Muscat, Oman, wanafahamishwa kuwa masafa ya moja kwa moja baina ya miji hiyo ni kiasi cha kilomita 3,900. Ndege isiyotua njiani hutumia takriban saa tano.

Saa za Oman zimetangulia zetu kwa saa moja. Hivyo, anayeondoka Zanzibar saa 4:00 asubuhi hufika huko saa 10:00 alasiri, ingawa angani amekaa saa tano tu. Wakati wa kurejea saa hiyo hurudishwa.

Linalowaponza wengi, hata wasafiri wazoefu, ni tiketi. Sisi huhesabu saa tangu jua kuchomoza na kuchwa. Tiketi huhesabu tangu usiku wa manane, na hapo ndipo tarehe hubadilika. Kwa hiyo "02:00, Ijumaa" si saa mbili, wala si usiku unaofuata mchana wa Ijumaa. Ni saa nane za usiku wa kuamkia Ijumaa. Msafiri huyo anatakiwa awe kiwanjani Alhamisi, saa 5:00 usiku. Akienda Ijumaa usiku, ndege yake imekwishaondoka tangu alfajiri haijaingia.