Mnyama mzima machoni, mgonjwa ubongoni

Najua nikianza kuzungumzia ayala wa Marekani na Kanada, msomaji wa Mariakani au Garsen ataniuliza hao wanamhusu nini. Ni swali la haki. Kenya hatuna ayala. Paa wa Arabuko-Sokoke, swala na kongoni wa Tsavo, wote hao ni jamaa wa ng'ombe na mbuzi, na pembe zao hazidondoki. Ayala ni ukoo mwingine: dume huota pembe zenye matawi, zikadondoka, zikaota tena kila mwaka. Kwa Afrika nzima, ayala wa asili wako Algeria na Tunisia tu. Wengi wetu jina lenyewe tumelikuta kwenye Zaburi.

Hata hivyo nataka tuwatazame, kwa sababu wamewafundisha wenye nchi zao jambo kuhusu karatasi ambayo kila mfanyabiashara wa mifugo hapa Pwani amewahi kuishika mkononi: ile inayosema mnyama amekaguliwa na ameonekana mzima.

Ugonjwa wenyewe wataalamu huuita kwa herufi tatu, CWD. Mimi nitauita ugonjwa wa kukondesha, maana ndivyo unavyofanya. Ayala anakonda hadi mbavu zinahesabika huku malisho yapo. Masikio yanalegea, mate yanamtiririka, anatembea akiyumba, na hofu ya binadamu inamtoka. Akifika hapo hana siku nyingi. Hakuna dawa, hakuna chanjo, na hakuna mnyama aliyejulikana kupona.

Ulionekana mara ya kwanza mwaka 1967 katika kituo cha utafiti huko Fort Collins, jimbo la Colorado, ambako ayala walikuwa wamefungiwa kwa ajili ya uchunguzi wa lishe. Kwa takriban miaka kumi ilidhaniwa ni chakula kibaya au dhiki ya kufungiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970, daktari wa mifugo Elizabeth Williams alitazama ubongo wao kwa hadubini akakuta umejaa vitundu kama sifongo. Vitundu vya namna hiyo vilikuwa vinajulikana tayari kwa kondoo wa Ulaya wenye ugonjwa wa skrepi. Baadaye, kuanzia 1986, dunia ikavikuta kwa ng'ombe wa Uingereza, na hapo ndipo sote tukasikia habari ya kichaa cha ng'ombe.

Kinacholeta haya si bakteria wala virusi. Ni protini, nayo Mmarekani Stanley Prusiner aliipa jina la prioni mwaka 1982, akaja kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Protini hiyo kila mnyama anayo mwilini ikiwa imekunjwa sawasawa, na wewe pia unayo. Ikiingia moja iliyokunjwa vibaya, inazifanya za jirani zikunjike vibaya vilevile, nazo zinaziharibu nyingine. Wanaosuka mikeka wataelewa haraka: mwaa mmoja ukipitishwa mahali sipo, inayofuata yote hufuata kosa lile.

Kutokana na hilo kuna mambo mawili yanayowatesa wasimamizi wa wanyama. La kwanza ni muda. Ayala aliyeambukizwa anaweza kukaa mwaka mmoja na nusu, miwili, hata zaidi, akiwa mnene na mwenye nguvu, na kabla dalili hazijatokea tayari anatoa prioni kwa mate, mkojo na kinyesi. La pili ni kwamba prioni haifi, kwa kuwa haina uhai wa kuutoa. Moto wa jikoni hauiharibu, na dawa za kawaida za kuoshea mazizi hazifui dafu. Watafiti wa Colorado waliwaingiza ayala wazima kwenye mazizi ambayo wagonjwa walikuwa wameondolewa zaidi ya miaka 2 nyuma, na baadhi yao wakaambukizwa. Huko Iceland, skrepi ya kondoo iliwahi kurudi katika zizi ambalo halikuwa na ugonjwa huo kwa muda usiopungua miaka 16.

Sasa chukua mnyama kama huyo umpakie kwenye lori.

Ayala hufugwa. Wapo wale wakubwa waitwao wapiti, ambao dume lao hufika kilo 300 na zaidi, na biashara yao ilivuma Amerika Kaskazini miaka ya 1980 na 1990. Nyama ilikuwa na wateja, wawindaji walilipa kuwinda ndani ya uzio, na pembe changa zenye manyoya zilitakiwa sana Korea na China kwa dawa za asili. Wakanada wa mkoa wa Saskatchewan walinunua wapiti kutoka jimbo la South Dakota mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980. Mwaka 1996 ugonjwa wa kukondesha ukagunduliwa katika shamba moja la Saskatchewan, na ulipofuatiliwa nyayo zikarudi hadi kwa wanyama wale wa South Dakota. Mwaka 2000 ukaonekana kwa ayala wa porini wa mkoa huohuo.

Wakati huo Kanada nayo ilikuwa imekwisha kuuza wapiti ng'ambo. Waliofika Korea Kusini mwaka 1997 walionekana wazima. Mwaka 2001 mmoja wao akathibitishwa mgonjwa, na Korea ikawa nchi ya kwanza nje ya Amerika Kaskazini kuupata. Bahari ya Pasifiki ni pana, na ayala hawezi kuivuka kwa kuogelea. Ugonjwa ulisafiri na nauli ilikuwa imelipwa.

Ninapoisoma habari hii sioni mtu aliyehonga wala aliyeghushi. Naamini kwamba afisa aliyetia sahihi alitia kwa moyo safi. Alimtazama mnyama, akamwona anakula, anatembea, macho maangavu, akaandika hivyo. Shida ni kwamba jicho la daktari, hata awe hodari vipi, haliwezi kuona kilicho ubongoni. Karantini ya siku 30 au 60 ambayo ingetosha kwa ugonjwa wa miguu na midomo, kwa ugonjwa huu ni kama kumkaribisha mgeni sebuleni anywe chai halafu aingie ndani.

Ndiyo sababu sheria zao zimebadilika namna ya kuuliza. Badala ya kuuliza mnyama huyu yukoje leo, zinauliza ametoka zizi gani na zizi hilo limekuwaje miaka mitano iliyopita. Mpango wa serikali kuu ya Marekani ulioanza 2012 unataka mwenye shamba anayetaka kupeleka ayala jimbo jingine awe na kundi lililosajiliwa, kila mnyama na alama yake, uzio madhubuti, hesabu ya kila mwaka, na jambo ambalo naliona ndilo uti wa mgongo wa sheria yote: ayala yeyote wa umri wa mwaka mmoja na kuendelea akifa, kwa sababu yoyote ile, apimwe. Kipimo cha kutegemewa zaidi bado ni cha mzoga, kwa kuchukua kipande cha shina la ubongo na tezi za nyuma ya koo. Kwa hiyo waliokufa ndio wanaowatolea ushahidi walio hai. Shamba likipita miaka mitano bila kuonekana mgonjwa, ndipo linapewa cheti kamili.

Sheria hazikuishia kwa mnyama hai. Majimbo mengi yanamkataza mwindaji kuvuka mpaka na mzoga mzima. Anaruhusiwa nyama iliyotolewa mifupa, ngozi, na pembe zilizosafishwa zisibaki na ubongo. Yako majimbo yaliyopiga marufuku hata mkojo wa ayala, ambao huuzwa madukani kwenye chupa kwa wawindaji wa kunasa madume. Ndiyo, mkojo. Kila penye mteja pana muuzaji.

Je, yamesaidia? Jibu ni la kutatiza. Ugonjwa sasa uko katika majimbo zaidi ya 30 ya Marekani. Umepatikana hata kwenye mashamba yenye cheti kamili, na wafugaji wengi, hasa wa Texas, hulalamika kwamba wanabebeshwa gharama huku ayala wa porini wakitembea wapendavyo. Hoja yao ina uzito, ila haiondoi ukweli kwamba ayala wa porini husogea kwa miguu, bonde hadi bonde, na lori husogea kilomita 1,000 kwa usiku mmoja. New York ni mfano wa upande wa pili. Mwaka 2005 ugonjwa ulionekana huko katika makundi mawili ya kufugwa na ayala wawili wa porini. Wakachukua hatua haraka, wakachinja, wakapima, wakafunga njia, na kwa miaka mingi baada ya hapo haukuonekana tena porini. Walikuwa na bahati ya kuuwahi. Katika sehemu moja ya Wyoming ambako ulikuwa umeshakita mizizi, watafiti walikuta idadi ya ayala wenye mkia mweupe ikipungua kwa takriban asilimia 10 kila mwaka.

Norway nayo inastahili kutajwa, kwa sababu inatuzuia tusifikiri lango la mpaka ndilo jibu la kila kitu. Mwaka 2016 ugonjwa ulipatikana kwa rendia wa porini, ayala wa nchi za theluji, katika milima ya Nordfjella. Prioni zake zilipochunguzwa zikaonekana ni za aina tofauti na zile za Amerika, kwa hiyo lawama za mizigo ya nje hazikushika. Serikali iliamua kuua kundi zima la eneo hilo, zaidi ya rendia 2,000, kazi iliyokwisha 2018. Waliopatikana na ugonjwa walikuwa 19. Milima ikaachwa tupu kwa mpango wa miaka isiyopungua mitano, na mawe ya chumvi wanayowekewa kondoo yakawekewa masharti, kwa kuwa hapo ndipo rendia hukusanyika kulamba. Mwaka 2020 ukaonekana tena jirani, kwenye uwanda wa Hardangervidda.

Kuhusu binadamu, hadi sasa hakuna mtu aliyethibitishwa kuugua kwa kula nyama ya ayala. Mamlaka za afya za Marekani zinashauri tu kwamba nyama ya mnyama aliyepimwa na kukutwa mgonjwa isiliwe. Wanachukua tahadhari kwa sababu wanakumbuka Uingereza, ambako wananchi waliambiwa nyama ya ng'ombe ni salama hadi 1996 serikali ilipokiri kwamba huenda ugonjwa umeingia kwa watu. Waliokufa huko ni 178.

Turudi nyumbani. Eneo letu lilishawahi kuonja ladha ya mnyama aliyeletwa kutoka mbali. Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioshushwa Massawa, na ilipofika huku kwetu karibu 1890 iliangusha ng'ombe, nyati na pofu bila kuchagua. Wamaasai bado wana jina la miaka ile. Ilichukua zaidi ya karne kuimaliza, na mgonjwa wa mwisho kuthibitishwa duniani alikuwa nyati wa Meru, hapahapa Kenya, mwaka 2001. Tena sotoka ilikuwa na chanjo na ilijionyesha kwa siku chache.

Tunajua pia uchungu wa kufungiwa. Mwaka 2000, homa ya Bonde la Ufa ilipolipuka Saudia na Yemen, soko la Ghuba lilifungwa kwa mifugo ya Pembe ya Afrika, na wafugaji ambao wanyama wao hawakuwa na kosa walikaa miaka wakilipia. Ninasema hivi kwa wale wanaoona kumbukumbu za mifugo ni usumbufu wa serikali. Mnunuzi akipata hofu, mwenye rekodi hubaki na la kumwonyesha. Asiye nayo hufungiwa na wengine wote.

Na prioni zimeshaingia kwenye ukoo wa mnyama tunayemfahamu vizuri kuliko ayala. Mwaka 2018 wanasayansi walitangaza ugonjwa wa aina hii kwa ngamia wa Algeria, waliopelekwa kichinjio cha Ouargla. Kati ya waliopita hapo mwaka 2015 na 2016, asilimia 3.1 walikuwa na dalili za kuyumba na kutetemeka, na wafugaji wakasema dalili hizo wameziona tangu miaka ya 1980. Mwaka uliofuata Tunisia nayo ikaripoti. Kenya ina ngamia zaidi ya milioni 4 kwa sensa ya 2019, na maziwa yao tunayanywa Mombasa kila siku.

Sisemi ngamia wa Tana River wana ugonjwa huo, wala sitaki mtu aache maziwa. Ripoti zilizopo ni za kaskazini mwa bara. Ninachosema ni kwamba Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, inawapa madaktari wetu uwezo wa kuzuia na kukagua, lakini kibali cha kusafirisha mifugo bado kinategemea macho ya afisa aliyesimama kando ya lori, na wanyama wengi hutambuliwa kwa chapa ya moto ambayo mtu wa kata ya pili haijui. Ngamia akifa njiani baina ya Hola na Mombasa, huzikwa au huachwa fisi wale, na hakuna anayeandika. Ouargla waligundua ugonjwa wao kwa sababu kulikuwa na mtu kichinjioni aliyehesabu ngamia wanaoyumba, kisha akachukua vipande vya ubongo vya watatu kati yao akavipeleka maabara.