Mwangwi chumbani: vibao vya taulo na gunia kwa wanaorekodi nyumbani

Nyumba nyingi zinazojengwa Moshi siku hizi ni za tofali za saruji, kuta zimepigwa lipu na sakafu imewekwa marumaru. Ni nyumba imara, lakini vyumba vyake ni vibaya kwa kurekodia. Sauti ya msomaji hugonga ukuta mgumu, hurudi, hugonga wa pili, na maiki huipokea yote. Kaswida huvumilia hali hiyo, tajwidi haivumilii. Kijana wa Machame au Marangu anayemtumia ustadhi wa mjini kisomo chake kwa simu anataka asahihishwe. Mkia wa mwangwi ukishikamana na madda, ustadhi atajuaje kama sauti ilivutwa harakati mbili au nne? Mara nyingi lawama huangushiwa simu, na mtoto hurudishwa kusoma upya mahali ambapo hakukosea.

Elimu ya jambo hili ina deni kwa mito ya viti. Mwaka 1895 Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambao maneno yake hayakueleweka. Alifanya kazi usiku, akihamishia humo mito ya viti kutoka ukumbi mwingine na kupima muda ambao sauti ilidumu. Ukumbi ulipokuwa mtupu, ilidumu zaidi ya sekunde 5. Kila mito ilipoongezwa, muda ulipungua. Kinachomeza sauti, basi, ni kitu laini, kinene na chenye kupitisha hewa. Hewa inayotikiswa na sauti hupenya katikati ya nyuzi, husuguana nazo, na nguvu yake hugeuka kuwa joto dogo lisilohisika.

Kwa kipimo hicho, trei za mayai tunazoziona zimebandikwa kutani ni mapambo tu, kwa kuwa ni nyembamba mno. Sponji ya godoro humeza mwangwi kiasi, ila ikishika moto huwaka upesi na moshi wake ni sumu. Hatuishauri kabisa katika chumba wanamolala watoto.

Tunapendelea taulo kuukuu za mitumba, ambazo soko la Memorial halizikosi. Mwambie fundi akukatie mbao laini za inchi moja kwa nne, umgongee fremu ya urefu wa sentimita 120 na upana wa 60. Mbele vuta gunia la juti au katani, lile la kahawa, likiwa limefuliwa na kukaushwa juani, ulibane kwa misumari midogo. Kabla ya kulibana, liweke mdomoni upulize: pumzi ikipita bila shida, linafaa. Salfeti la nailoni halifai. Jaza taulo zilizokunjwa hadi fremu ienee, bila kuzishindilia, kisha pitisha kamba nyuma zisidondoke. Mbao zikishakatwa, vibao vinne ni kazi ya mchana mmoja.

Usivigandishe ukutani. Pachika vipande vya mbao nyuma yake ili ibaki nafasi ya sentimita 5, kwani nafasi hiyo husaidia kumeza sauti nzito zaidi. Viwili vya kwanza viwekwe nyuma ya msomaji, maana huko ndiko maiki inakotazama. Vingine viende ubavuni, usawa wa kichwa. Piga kofi moja kabla na moja baada. Mlio mkali unaofuatia kofi ukipotea, umefanikiwa. Viwe mbali na jiko na nyaya zilizochubuka, kwani pamba nayo huungua.

Jambo moja huwachanganya wengi: vibao hivi hupunguza mwangwi wa ndani, wala havizuii kelele ya nje. Bodaboda itasikika kama kawaida, na masika yakianza kupiga bati, itabidi kusubiri mvua ikatike.