Uvimbe wa Taya Ulioanzia Kwetu

Jumapili soko la Kibuye, mjini Kisumu, hufurika hadi barabarani: mitumba, vitanda vya mbao, omena inayopimwa kwa gorogoro, na watoto wamelala chini ya meza za mama zao. Shika barabara hiyo hiyo kuelekea Kondele, utafika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado wanaiita Russia. Humo hutibiwa watoto wenye saratani iliyoifundisha dunia kwamba kirusi kinaweza kumletea binadamu saratani.

Huanza kama jambo dogo. Jino linacheza, shavu linavimba, mzazi anadhani jino limeoza. Kumbe uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji, aliukuta katika hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wamewahi kuuona. Jibu lilifuata joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi ulikuwa haba. Mtafiti Gregory Dalldorf, aliyeuchunguza Kenya, akahisi kwamba malaria inahusika.

Vipande vya uvimbe vilipelekwa London kwa mtafiti Anthony Epstein, naye kwa muda mrefu hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu uliipeleka ndege Manchester, na chupa ikamfikia imechelewa, maji yake machafu, ya kutupwa. Akaitazama kwanza. Hawakuwa bakteria, zilikuwa seli za uvimbe zinazoelea, zingali hai. Katika seli za namna hiyo yeye na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walikiona kirusi, wakakitangaza mwaka 1964. Seli zilitoka tayani mwa mtoto wa Uganda. Zikaitwa EB, herufi za Epstein na Barr, si za mtoto. Hilo huniuma kila nikilisoma.

Kirusi hicho hakikuishia kwetu. Mwaka 1960 mvumbuzi wa nchi za Aktiki, Vilhjalmur Stefansson, alikuwa ametoa kitabu kilichowataja Wainuiti kama watu ambao saratani iliwapita kando. Baadaye ilionekana kwamba Wainuiti wa Greenland, Kanada na Alaska ni miongoni mwa wanaougua zaidi saratani ya nyuma ya pua, na kirusi kilichomo ni hicho hicho cha watoto wetu wa ziwani.

Kirusi chenyewe kimeenea duniani kote. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wa Marekani walilinganisha watoto wachanga wa Kisumu na wa Nandi, ambako malaria ni kidogo. Wa Kisumu walikipata mapema zaidi, wengi kabla hata ya kutimiza mwaka. Malaria ya mara kwa mara huchosha kinga inayopaswa kukidhibiti.

Dawa zipo, na akiwahiwa mtoto anaweza kupona. Basi shavu likivimba na jino likicheza, asing'olewe jino na kurudishwa nyumbani. Apelekwe Russia siku hiyo hiyo.